Bikoni ya nne iko wapi? Barua ya wazi kwa madiwani wetu

Kwa Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani

YAH: KIWANJA CHA MTAA NA BAJETI MLIYOIPITISHA

Waheshimiwa,

Nilikuwa ukumbini siku zote mbili. Nilikaa viti vya nyuma, upande wa dirisha lisilofungika, katikati ya mwandishi wa habari aliyekuwa akisinzia na kina mama wawili waliokuja wakidhani mkopo wa kikundi chao utatajwa. Mwananchi anaruhusiwa kuingia kwenye kikao cha baraza na kusikiliza, kusema haruhusiwi. Basi nikanyamaza siku mbili, nikarudi nyumbani nikanyamaza ya tatu, ya nne nikatafuta kalamu.

Jina la halmashauri nimeliacha makusudi. Ninyi mnajijua, na nadhani wenzenu wa miji mingine wakiisoma barua hii watasema huyu mzee anatusema sisi.

Kwa wasiokuwepo nieleze kilichotokea, maana hata aliyekuwepo, kama hakushika kabrasha, asingejua. Siku ya kwanza, baada ya chai, ilifika ajenda ya kupokea mihtasari ya kamati za kudumu. Mwenyekiti wa Kamati ya Mipango Miji na Mazingira akasimama, akaweka joho lake sawa, akaliomba baraza lipokee na kuridhia taarifa ya kamati yake "kama ilivyo kwenye kabrasha". Mstahiki Meya akauliza wanaoafiki. Mkasema ndiyo. Meza zikapigwa. Tukahamia afya.

Ndani ya ile "kama ilivyo" kulikuwa na jedwali, ukurasa wa mwisho kabisa wa kiambatisho, herufi ndogo, mstari wa saba: eneo la wazi la mtaa wetu libadilishwe matumizi liwe la biashara, pajengwe kituo cha mafuta na fremu za maduka. Niliuona mstari huo kwa sababu mgeni mwalikwa aliyekaa mbele yangu aliliacha kabrasha lake kitini alipotoka kupokea simu, na macho yangu yamezoea majedwali.

Diwani wa kata yetu, ambaye nampenda kwa kuwa hakosi msiba wa mtu, naye alisema ndiyo. Nilimfuata nje, chini ya mwembe wa maegesho. Akanishika mkono kwa heshima zote. "Shikamoo mzee wangu. Ile si imepita kamati? Sisi huku tunaridhia tu." Nilipowauliza wawili wa kamati, wakaniambia kwamba kamati haina mamlaka ya mwisho, kamati inapendekeza tu, wenye kuamua ni baraza. Nikabaki chini ya mwembe nikitafuta aliyeamua.

Sasa niwaeleze mlichokiridhia, maana mimi ndiye niliyekipima. Ilikuwa mwaka 1987, nikiwa kijana wa idara ya ardhi, mwenye vibarua wanne, darubini ya kupimia yenye miguu mitatu ya mbao, na mchoro wa mipango miji wenye kipande kilichopakwa kijani. Michoro hiyo ina rangi zake, na kijani kile maana yake ni eneo la wazi. Tulizika bikoni nne, kila moja ni zege lenye chuma katikati na namba yake juu. Kibarua mmoja aliniuliza kwa nini tunahangaika kuzika mawe kwenye mahali pa kuchezea watoto, kwani nani atapaiba? Nikacheka. Siku hizi namkumbuka sana yule bwana.

Jumamosi baada ya kikao chenu nilikwenda na futi kamba, mjukuu wangu akishika ncha ya pili. Bikoni ya kwanza ipo nyuma ya goli la upande wa msikiti. Ilikuwa imefunikwa na mchanga, tukaifukua kwa kijiko. Ya pili mama ntilie ameifanya figa la tatu. Nilimwomba radhi nikaikagua sufuria ya maharage ikiwa juu, na namba bado inasomeka. Ya tatu iko ukingoni mwa mtaro, imeinama kidogo. Ya nne, kona ya barabara kuu, haipo. Pana shimo la kina cha goti, udongo wake mwekundu bado mbichi, kingo zina alama za sururu. Simtuhumu mtu. Ila bikoni ile niliizika mwenyewe na ninajua haing'oki kwa mvua, na ninyi mnajua kwamba kung'oa alama ya mpaka ni kosa kisheria.

Bango la kusudio la kubadilisha matumizi lipo, nisiseme uongo. Limefungwa kwenye nguzo ya umeme, upande unaotazama ukuta wa gereji. Karatasi moja ndani ya nailoni, wino umepauka kwa jua, limebaki neno "pingamizi" na nusu ya namba ya simu. Tulipewa nafasi ya kupinga, ilimradi mtu apenye kwa ubavu kati ya nguzo na ukuta.

Kiwanja kile ndicho kiwanja cha michezo cha shule ya msingi jirani, kwa sababu ua wa shule umeshajaa madarasa. Ndipo tunaposwali Idi na ndipo hema za mikutano ya injili husimama. Msiba ukitokea kwenye nyumba zisizo na ua, turubai hufungwa pale. Hayo mnayajua, na baadhi yenu mmeombea kura pale pale, juu ya meza ya kukodi. Kazi yake kubwa zaidi haionekani kiangazi. Kona ya chini ya kiwanja iko karibu mita nzima chini ya barabara. Ninavyo vipimo vya miinuko. Masika maji ya mitaa mitatu hushuka pale, yakatuama siku mbili au tatu, vyura wakalia usiku kucha, halafu yakazama ardhini taratibu. Mkimwaga zege na lami juu yake, yale maji hayataacha kuja. Yataingia uani kwa watu.

Kwangu pia. Nyumba yangu ni ya tano kutoka kona ile. Vikao vyenu vina utaratibu kwamba mjumbe mwenye masilahi kwenye jambo ayatangaze, nami nayatangaza yangu. Sikusikia mtu mwingine akitangaza siku ile, labda kwa sababu hakuna aliyekuwa nayo.

Siku ya pili ikawa bajeti. Mwaka jana mlikuwa mmetenga fedha za mapato ya ndani kuisaidia TARURA ijenge kwa zege ule mtaro unaopita kando ya kiwanja. Safari hii fungu hilo limesogezwa hadi mwaka wa fedha ujao "kutokana na ukomo wa bajeti". Kwenye kasma za mwaka huu umeingia uzio mpya wa makao makuu, wenye geti la umeme, pamoja na gari. Kuhusu gari mlijadili kwa kina. Ilizungumzwa habari ya urefu wake kutoka ardhini, kwa hoja kwamba baadhi ya kata hazifikiki wakati wa mvua. Mimi nilicheka peke yangu kule nyuma, yule mwandishi akashtuka.

Jana mmeziba mahali maji yanapotulia, leo mmefuta mahali ambapo yangepita, kesho mnanunua gari la kuvukia. Mmeyapitisha kama mambo matatu, yenye kamati tofauti na kurasa tofauti, na kila moja lina maelezo yake mazuri. Kwetu sisi wa kona ya chini ni jambo moja.

Kiswahili chetu kina neno moja, matumizi. Tunasema matumizi ya ardhi, tunasema matumizi ya fedha. Nimefanya kazi kwenye masuala ya ardhi maisha yangu yote na sikuwahi kulitilia maanani hadi nilipokaa ukumbini kwenu. Bajeti yenu ina kila kitu. Ina wino wa printa, ina maji ya kunywa ya vikao, ina betri za saa ya ukutani. Lakini ardhi ya umma mliyoitoa siku ya kwanza haimo siku ya pili. Hakuna kasma inayosema tumetoa kiwanja kando ya barabara kuu chenye thamani kadhaa, tumepokea kiasi kadhaa. Kama mtu angesimama akapendekeza aandikiwe hundi ya thamani ile kutoka akaunti ya halmashauri, mngeshtuka wote na mngemwita mkaguzi wa ndani kabla ya chakula. Alichopendekeza ni kubadilisha rangi kwenye mchoro, mkasema ndiyo.

Na rangi ndiyo yenye pesa. Eneo la wazi halina bei kwa sababu haliuzwi. Siku linapoandikwa biashara lina bei sawa na majirani zake wa barabarani, na tofauti ile yote imetoka mahali fulani na kwenda mahali fulani. Ninyi ndio mamlaka ya upangaji, Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 imewapa kalamu hiyo. Mchoro ukitoka kwenu ndipo unakwenda wizarani. Sisi wa mtaani hatujui hata kama kiwanja kile kimepewa mtu, kimekodishwa, au ni cha ubia. Jedwali lilisema "mwombaji" tu.

Nawaelewa kwa upande mmoja, na niseme wazi. Fedha hamna. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 2003, na hakuna mwenye akili anayeililia. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA mwaka 2016, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, kiasi kwamba mjukuu wangu anadhani ni sehemu ya bei ya umeme. Barabara zikaenda TARURA mwaka 2017; lakini mtu akitumbukia kwenye shimo hamtafuti meneja wa TARURA, anagonga mlango wa diwani saa moja asubuhi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisimamishwa mwaka 2023, ikaja kurudi mwaka uliofuata, na kina mama wawili niliokaa nao bado wanauliza fomu yao iko meza gani. Mkishatoa hayo mnabaki na ushuru wa masoko, leseni, vibali vya ujenzi, na ardhi.

Ardhi inashawishi. Dodoma wanajua. CDA, mamlaka ya ustawishaji iliyoshika ardhi ya mji ule, ilipovunjwa Mei 2017 na ardhi yake kukabidhiwa halmashauri, mauzo ya viwanja yaliipandisha hadi juu ya orodha ya makusanyo nchini. Nani asingetamani? Lakini Dodoma waliuza viwanja vilivyopangwa kuuzwa. Na kiwanja huuzwa mara moja tu. Mwaka wa pili unahitaji kingine, mwaka wa tatu kingine, na vikiisha vya kuuzwa macho yanahamia kwenye kijani.

Haya siyasemi kwa kusikia. Miaka ya tisini, kwenye mji mwingine, niliitwa ofisini nikapewa mchoro na kuambiwa nipime viwanja vitatu ndani ya eneo la wazi. Viliitwa viwanja vya kupenyeza. Sababu ilikuwepo, na ilikuwa nzuri: eneo limekuwa dampo, vibaka wanajificha, bora lijengwe. Nilikuwa na watoto wawili na uhamisho uliokuwa ukinukia. Nilipima kwa siku moja, bila vibarua kuimba, na kwenye daftari nikaandika vizuri kama kawaida. Miaka mingi baadaye nilipita pale. Nyumba tatu, kuta ndefu, na nje ya kuta hizo watoto wanacheza mpira katikati ya barabara, wamepanga matofali mawili kuwa goli. Gari likija mmoja anapiga mluzi, wanaondoa matofali. Niliegemea baiskeli yangu nikatazama mchezo hadi mwisho, na gari lilipita mara nyingi.

Ndiyo maana nilipoisikia ile hoja kwamba kiwanja chetu "kimetelekezwa na kinahatarisha usalama", nilijua imeandikwa na mtu aliyesoma faili la zamani.

Mara nyingine nafikiria Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Wakoloni ndio waliolitenga lile eneo, na hawakulitenga kwa kutupenda. Waligawa mji kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, wakaacha uwazi kati ya Uhindini na Kariakoo ili watu wasichanganyikane. Nia ilikuwa mbaya kabisa. Lakini uwazi ulibaki, na sisi ndio tuliochanganyikana pale, kwa mikutano, gwaride, mapumziko na kahawa. Itakuwa ajabu ikiwa wakoloni waliotutenga watatuachia nafasi kubwa kuliko madiwani tuliowachagua.

Na gharama ya kujenga mahali pa maji tunaijua kwa mfano wa jiji hilo hilo. Desemba 2011 ilinyesha mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954, bonde la Msimbazi likafurika, watu wakafa, na walionusurika wakahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Hata baada ya hapo depo ya mabasi ya mwendokasi ikawekwa Jangwani, chini kabisa bondeni, na mabasi mapya yakasimama ndani ya maji. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo. Najua kiwanja chetu si Msimbazi. Kinaingia mara nyingi sana ndani ya Msimbazi. Lakini bonde lile nalo lilijazwa kidogo kidogo, kibali kimoja baada ya kingine, na sidhani kama kuna kikao kilichowahi kuulizwa: wanaoafiki mafuriko waseme ndiyo.

Ninachoomba kinafanyika bila senti moja ya nyongeza.

Jambo la kiwanja lirudishwe mezani kwa njia ambayo kanuni zenu za kudumu zinaruhusu, liwe hoja yenye jina lake, isomwe kwa sauti ukumbini, na kila diwani anayeafiki asimame aonekane. Kabla ya hapo lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa mtaa. Mwenyekiti wetu wa mtaa aliniambia alilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwangu, tukiwa kwa kinyozi, na kinyozi akawa wa tatu kulijua. Mwombaji atajwe. Mthamini wa halmashauri, ambaye analipwa mshahara kila mwezi, aandike thamani ya eneo likiwa kijani na likiwa biashara, na tofauti iwekwe kwenye vitabu vya bajeti pale inapostahili kukaa, karibu na lile gari. Kama baada ya hayo yote bado mtasema ndiyo, itakuwa ndiyo yenu kweli, nami nitainunulia nyumba yangu magunia ya mchanga.

Kuhusu fungu la mtaro, sina haja ya kuwaeleza maana ya mwezi Machi.

Uzio wa makao makuu sina ugomvi nao sana. Ofisi ni mali ya umma, ilindwe. Naomba tu jambo dogo: mkandarasi akija kuweka nguzo, apimiwe mpaka kwanza. Nimepita pale, na kwa macho yangu ya mazoea mstari uliochorwa kwa chokaa umetoka nje ya bikoni upande wa barabara. Si kwa mengi, kama hatua moja na nusu. Isije TARURA ikawawekea X nyekundu kwenye geti la umeme.

Kikao kijacho nitakuja tena, kiti kile kile cha dirishani. Nitakuwa na daftari nililonakili kwa mkono mwaka 1987, lenye pembe na umbali wa bikoni zote nne. Ile iliyopotea inaweza kurudishwa mahali pake kwa nusu siku, nikipata mtu wa kushika futi kamba na mwingine wa kukoroga zege. Posho sitadai.

Wenu,
Mpima ardhi mstaafu, nyumba ya tano kutoka kona ya chini

Nakala: Mwenyekiti wa mtaa.
Mwalimu mkuu wa shule jirani.
Nahodha wa timu.
Mama ntilie wa bikoni ya pili, tafadhali asibadilishe mafiga kwa sasa.